Nchi Takatifu Uende Lini? Mwongozo wa Kuchagua Majira ya Hija

Hija nyingi huharibika siku ile tarehe zinapochaguliwa, miezi mingi kabla ndege haijaruka. Kundi lenye wazee linapangiwa Yeriko saa nane mchana mwezi wa Agosti. Kundi jingine linatua jioni ya kuamkia Siku ya Upatanisho ya Wayahudi, likakuta hakuna basi, hakuna duka, hakuna dereva. La tatu linakwenda Juma Kuu likitafuta utulivu wa kusali kwenye kaburi la Yesu, linaishia kusimama nyuma ya vizuizi vya polisi. Yote matatu yalikuwa yanasomeka kwenye kalenda mwaka mmoja kabla.

Utaratibu unaofaa ni huu: anza na kusudi la hija, fuata na kalenda za dini tatu, kisha hali ya hewa, kisha saa za mchana na milango, na mwisho kabisa ndipo uulize bei. Wanaoanza na bei hulazimika kupindisha mengine yote ili yaifuate.

Hatua ya 1: Andikeni kusudi kwa sentensi moja

Kaa na wenzako mwandike: tunakwenda kufanya nini? Majibu huwa mawili, na hayapatani katika mwezi mmoja.

Jibu la kwanza ni kuadhimisha sikukuu pale pale ilipoanzia: kushuka Mlima wa Mizeituni na matawi mkononi, au kukesha Bethlehemu usiku wa Noeli. Anayetaka hili akubali msongamano, vyumba vya bei ya juu, na kusali akiwa amesimama katikati ya maelfu ya watu. Ni neema ya pekee, lakini maeneo mengine atayapita mbiombio.

Jibu la pili ni kuisoma Injili taratibu mahali ilipotendeka: nusu saa ya kimya Kapernaumu, ibada ya kundi lenu peke yenu, muda wa kukaa Gethsemane bila kusukumwa na kundi linalofuata. Wa namna hii asiende Juma Kuu wala Oktoba mwanzoni. Kwa mtu anayekwenda mara moja tu maishani, ushauri wetu ni huu wa pili. Sikukuu bila kupajua mahali penyewe humwacha mtu na kumbukumbu ya umati tu.

Kama mmechagua sikukuu, hizi ndizo tarehe za kushika:

- Noeli: usiku wa tarehe 24 Desemba kwa Walatini (Wakatoliki wa Roma) na Waprotestanti. Waorthodoksi, Wakopti, Wasiria na Waethiopia huadhimisha usiku wa 6 kuamkia 7 Januari, na Waarmenia wa Yerusalemu na Bethlehemu 18 kuamkia 19 Januari. Bethlehemu ina Noeli tatu, na ya kwanza ndiyo yenye umati mkubwa zaidi. Kuingia misa ya usiku katika kanisa la Mtakatifu Katarina, lililo ubavuni mwa Kanisa la Kuzaliwa, kunahitaji tiketi. Haziuzwi, hutolewa bure na Wafransisko, watawa Wakatoliki wanaotunza mahali patakatifu, na huisha mapema.
- Ubatizo wa Bwana: Januari, mtoni Yordani. Waorthodoksi hukusanyika Qasr al-Yahud, mahali pa ubatizo karibu na Yeriko, tarehe 18 Januari.
- Kupashwa Habari: 25 Machi, Nazareti. Angalia kama haijaangukia Juma Kuu au Juma la Pasaka. Mwaka 2027 tarehe hiyo ni Alhamisi Kuu, kwa hiyo kalenda ya Kilatini inaihamishia Jumatatu 5 Aprili.
- Kupaa: siku ya 40 ukihesabu na Pasaka yenyewe. Kikanisa cha Kupaa juu ya Mlima wa Mizeituni kiko mikononi mwa Waislamu, na Walatini huadhimisha misa yao humo mara moja kwa mwaka, siku hiyo.
- Kugeuka Sura: 6 Agosti, Mlima Tabori (19 Agosti kwa Waorthodoksi).
- Kupalizwa kwa Maria: 15 Agosti, Gethsemane (28 Agosti kwa Waorthodoksi).

Kuna njia ya katikati ambayo wengi hawaifikirii, nayo ni Kwaresima. Majuma hayo Wafransisko huwa na misa za hija katika Dominus Flevit (kanisa la mahali Yesu alipoulilia mji), Gethsemane, kanisa la Kupigwa Mijeledi na Bethania. Unapata liturujia ya mahali penyewe bila umati wa Juma Kuu.

Hatua ya 2: Weka kalenda tatu juu ya meza moja

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Mkristo huenda na kalenda yake, lakini mji wa Yerusalemu unaishi kwa kalenda tatu, na kila moja ina uwezo wa kuifunga barabara unayoitegemea.

*Pasaka mbili.* Pasaka ya Magharibi huangukia kati ya 22 Machi na 25 Aprili. Ya Waorthodoksi hufuata kalenda ya Julius, na katika miaka yetu huangukia kati ya 4 Aprili na 8 Mei. Mwaka mwingine zinakuwa siku moja, mwaka mwingine zinaachana hadi majuma matano. Mwaka 2027 ya Magharibi ni 28 Machi na ya Waorthodoksi ni 2 Mei. Mwaka 2028 zote mbili ni 16 Aprili.

Hili lina maana kubwa kwa kundi lolote, hata la Kilutheri au la Kipentekoste lisilohusika na kalenda ya Mashariki. Jumamosi Kuu ya Waorthodoksi ni siku ya Moto Mtakatifu, ibada ya kutoa moto kaburini mwa Yesu na kuwagawia waumini. Polisi huziba vichochoro vinavyokwenda Kanisa la Kaburi Takatifu tangu asubuhi, na asiye na kibali hakaribii. Kundi lililopanga kuzuru kaburi siku hiyo limepoteza siku nzima.

*Sikukuu za Kiyahudi.* Pasaka ya Kiyahudi huchukua siku saba, Machi mwishoni au Aprili. Wenyeji wa Israeli wako likizoni, mbuga na fukwe za Galilaya zinajaa, na hoteli hupandisha bei. Jambo dogo linalowashtua wengi ni kwamba katika hoteli za Kiyahudi hakuna mkate wenye chachu siku hizo zote. Mkate wa kawaida utaupata Bethlehemu, Nazareti na katika nyumba za wageni za Kikristo.

Kati ya Septemba na Oktoba huja mfululizo wa Mwaka Mpya, Siku ya Upatanisho na Sikukuu ya Vibanda, takribani majuma matatu kwa jumla. Mwaka 2027 mfululizo huo unaanza 2 Oktoba, Siku ya Upatanisho ni 11 Oktoba, na Vibanda huanza 16 Oktoba. Sikukuu ya Kiyahudi huanza jua linapozama siku iliyotangulia, kwa hiyo ukisoma 11 Oktoba, hesabu jioni ya 10. Siku ya Upatanisho uwanja wa ndege wa Ben Gurion hufungwa, magari hayatembei, na vivuko vya mpakani vya Yordani navyo hufungwa. Kama ziara yenu lazima ipitie siku hiyo, lalani Bethlehemu. Fikeni kabla ya adhuhuri ya siku iliyotangulia, kisha kesho yake mzuru Kanisa la Kuzaliwa na Shamba la Wachungaji, Beit Sahour, bila kuvuka kizuizi chochote.

*Ramadhani.* Kila mwaka hurudi nyuma kwa siku kama 11. Mwaka 2027 ni takribani 8 Februari hadi 9 Machi, na mwaka 2028 huanza mwishoni mwa Januari. Hakuna sababu ya kuikimbia, maana makanisa yako wazi kama kawaida. Ila Ijumaa za Ramadhani makumi ya maelfu ya waumini huingia Mji Mkongwe wa Yerusalemu kwenda msikiti wa Al-Aqsa, na sehemu kubwa ya Njia ya Msalaba inapita katika mtaa wa Waislamu. Siku hiyo pelekeni kundi Galilaya au Bethlehemu. Na popote penye Waislamu wengi, Yeriko kwa mfano, msile wala kunywa barabarani mchana.

Baada ya hapo chukua karatasi, andika majuma yote ya mwaka unaoufikiria, na upige mstari juu ya yale yaliyogongana. Kwa mwaka 2028, majuma mawili ya katikati ya Aprili yanabeba Pasaka ya Magharibi, ya Waorthodoksi na ya Wayahudi kwa pamoja. Kwa mwenye kusudi la pili, mwezi huo ufutwe hadi tarehe 20 hivi. Mwaka 2027 ni tofauti kabisa: kati ya 5 na 20 Aprili kuna uwazi mzuri, Pasaka ya Magharibi imekwisha na nyingine mbili hazijaanza. Madirisha ya namna hii ndiyo hazina ya mpangaji, na hayaonekani kwa mtu anayetazama kalenda moja.

Hatua ya 3: Soma hali ya hewa kwa mwinuko wa mahali

Kosa la kawaida ni kuuliza "hali ya hewa ya Israeli ikoje Aprili?" Nchi ni ndogo, lakini siku moja ya ziara inaweza kukushusha zaidi ya mita 1,000. Yerusalemu na Bethlehemu ziko kama mita 750 hadi 800 juu ya usawa wa bahari. Nazareti ni kama 350. Ziwa la Galilaya liko mita 210 hivi chini ya usawa wa bahari, Yeriko kama 250 chini, na ufuko wa Bahari ya Chumvi zaidi ya 430 chini. Aliyeshuka kutoka Yerusalemu kwenda Yeriko katika mfano wa Msamaria Mwema alikuwa anashuka kweli kweli.

Nyuzi za Selsiasi kwa makadirio ni hizi. Januari Yerusalemu hucheza kati ya 6 na 12, wakati Bahari ya Chumvi hufika 20 mchana. Agosti Yerusalemu ni 20 usiku na 30 mchana, Tiberia hufika 38, na Yeriko na Bahari ya Chumvi hukaribia 40. Kwa hiyo hakuna mwezi mbaya kwa nchi nzima. Majira ya baridi yanafaa bondeni na kusumbua milimani, na majira ya joto ni kinyume chake.

Mvua hunyesha kuanzia Oktoba au Novemba hadi Aprili, nyingi kati ya Desemba na Februari. Juni hadi Septemba karibu hakuna mvua. Maandiko yanapotaja mvua ya vuli na mvua ya masika, msomaji wa Kiswahili huvuta picha ya misimu miwili yenye ukame katikati. Kule, mvua ya kwanza huja Oktoba na Novemba, ya mwisho Machi na Aprili, na katikati yake ni baridi yenye mvua kubwa kuliko zote mbili.

Mambo manne ya hewa huvunja ratiba:

Mafuriko ya ghafla. Mvua inayonyesha Yerusalemu hutiririka kwenye makorongo ya jangwa la Yudea na kufunga barabara ya ufuko wa Bahari ya Chumvi, hata kama kule chini jua linawaka. Kipindi chake ni Oktoba hadi Mei mwanzoni. Kutembea kwa miguu ndani ya Wadi Qelt, korongo la kati ya Yerusalemu na Yeriko, siku yenye utabiri wa mvua ni kuhatarisha roho za watu.

Upepo wa jangwani. Aprili, Mei na tena vuli, huvuma upepo mkavu wenye vumbi ambao Waarabu huuita hamsini, neno lile lile tunalohesabia. Joto linaweza kupanda nyuzi 10 au zaidi kwa siku moja, na anga huwa la kijivu. Ndio ule ambao Yesu anautaja katika Luka 12:55: kusi ikivuma, watu husema kutakuwa na joto. Hukaa siku moja hadi tatu. Wenye pumu wawe na dawa zao mkononi, wasiziache kwenye sanduku ndani ya buti la basi.

Upepo wa ziwani. Kiangazi, upepo wa magharibi huteremka ziwani Galilaya alasiri na kuinua mawimbi. Majira ya baridi hutokea dhoruba za kutoka mashariki. Safari ya mashua iwekwe asubuhi, mwezi wowote ule.

Mawe yenye maji. Vichochoro vya Mji Mkongwe vimesakafiwa kwa mawe ya chokaa yaliyolainishwa na karne za nyayo, na yakilowa huteleza kama sabuni. Mteremko wa kutoka Bethfage hadi Gethsemane ni mkali hata ukiwa mkavu. Kiatu chenye soli ya mpira inayong'ata kitakusaidia kuliko mwavuli.

Mnaounganisha na Mlima Sinai upande wa Misri, mkumbuke kilele kiko mita 2,285, na wapandaji wengi huanza usiku ili kuwahi macheo. Novemba hadi Machi baridi ya huko juu hushuka hadi kuganda. Monasteri ya Mtakatifu Katarina nayo haipokei wageni Ijumaa na Jumapili, na siku nyingine hufunga mchana mapema. Upande wa Yordani, mandhari kutoka kilele cha Mlima Nebo huonekana vizuri zaidi baada ya mvua ya baridi au masika. Kiangazi ukungu wa joto huficha bonde, na wengi huondoka bila kuiona Yeriko ambayo Musa alionyeshwa.

Hatua ya 4: Linganisha majira na Injili unayotaka kuisoma

Januari na Februari. Mji umetulia, vyumba vya bei nafuu, foleni ya kuingia kaburini huenda ikawa dakika chache. Theluthi hivi ya siku zina mvua, na mara chache Yerusalemu huangukiwa na theluji. Nyumba za wageni za zamani ni za mawe, na moto wa kupasha vyumba hauwashwi saa zote, kwa hiyo lala na soksi na sweta. Lakini haya ndiyo majira ya Yohana 10, Yesu akitembea katika ukumbi wa Sulemani wakati wa baridi. Februari milozi inachanua, ule mti alioonyeshwa Yeremia, na Galilaya inaanza kuwa nyekundu kwa maua ya mwituni.

Machi hadi katikati ya Mei. Hapa nchi inavaa nguo yake nzuri. Marko 6:39 husema watu waliketishwa penye majani mabichi, na Yohana huongeza kwamba Pasaka ilikuwa karibu. Nenda Tabgha, ufukoni mwa ziwa panapokumbukwa muujiza wa mikate, majira haya ndipo utaelewa kwa nini mwinjili alitaja majani. Ukienda Septemba, vilima vyote ni rangi ya mchanga. Usiku wa Yerusalemu bado una baridi, ile iliyomfanya Petro aote moto wa makaa uani kwa kuhani mkuu, kwa hiyo koti lisikosekane hata Aprili. Chemchemi za Kaisaria Filipi huwa na maji mengi kwa sababu ya theluji ya Hermoni. Kasoro ni umati. Mei baada ya Pasaka ya Waorthodoksi ina utulivu na joto la wastani, ila kijani kinakwisha haraka.

Juni hadi Agosti. Makundi ya hija hupungua, lakini Agosti familia za wenyeji hujaza hoteli za ziwani. Ukilazimika kwenda kipindi hiki, geuza saa: basi liondoke saa kumi na mbili na nusu asubuhi, pumziko liwe saa sita hadi saa tisa na nusu, kisha mtoke tena. Kila mtu abebe maji lita 3 kwa siku. Qasr al-Yahud na Yeriko ziwe jambo la kwanza asubuhi. Bahari ya Chumvi mtu asikae majini zaidi ya dakika 15 hadi 20, kisha aoge maji baridi. Jua la huko huwazimisha watu walioamka wazima.

Septemba hadi katikati ya Oktoba. Hewa ni tamu, na sikukuu za Kiyahudi zimejaa. Soma tena Hatua ya 2.

Oktoba mwishoni hadi katikati ya Novemba. Tukiambiwa tuchague majuma mawili tu ya mwaka kwa kundi la kawaida, tungechukua haya. Sikukuu zimepita, mvua ndiyo kwanza inaonja, Yerusalemu mchana ni kama 20, na bondeni pana joto linalovumilika. Ni wakati wa kuvuna zeituni. Gethsemane maana yake ni shinikizo la mafuta, na majuma haya mashinikizo ya vijijini yanafanya kazi. Mtu akionja mafuta mapya ya kijani kisha akapiga magoti Gethsemane, jina lile linamwingia kwa namna nyingine. Vilima vimekauka, hilo tukubali.

Desemba hadi tarehe 20. Umati ni mdogo, siku ni fupi, na Majilio huko Bethlehemu yana utulivu ambao usiku wa Noeli hauwezi kuwa nao.

Hatua ya 5: Hesabu mwanga na milango

Juni Yerusalemu ina saa 14 za mwanga. Desemba ni saa 10 tu, na jua huzama kama saa kumi na dakika arobaini jioni. Ratiba ya vituo saba iliyotoka vizuri Mei haitaingia Desemba. Kwa majira ya baridi punguza vituo viwili kwa siku.

Mbuga za taifa, ambamo magofu mengi yamo, hufunga saa kumi na moja jioni Aprili hadi Septemba, na saa kumi jioni Oktoba hadi Machi. Ijumaa hufunga saa moja mapema zaidi. Makanisa mengi hufungwa saa sita hadi saa nane mchana, na hapo ndipo kundi lililochelewa kifungua kinywa hukaa nje ya geti. Kaburi Takatifu halifungi mchana. Kiangazi hufunguliwa saa kumi na moja alfajiri hadi saa tatu usiku, majira ya baridi saa kumi alfajiri hadi saa moja jioni. Msimu wa umati foleni ya kaburini hufika saa moja, mbili au zaidi. Dawa ni moja: amka alfajiri.

Njia ya Msalaba ya Wafransisko hufanyika kila Ijumaa saa tisa alasiri, na saa kumi wakati wa saa za kiangazi. Israeli husogeza saa mbele mwishoni mwa Machi na kurudisha mwishoni mwa Oktoba. Upande wa Palestina tarehe huweza kutofautiana, hivyo mnaolala Bethlehemu siku hizo mkubaliane na dereva mnatumia saa ya wapi.

Ndani ya juma: Sabato, tangu Ijumaa jua linapozama hadi Jumamosi usiku, mabasi na treni za umma karibu zote husimama, lakini basi la kukodi hutembea na makanisa yako wazi. Jumapili asubuhi makanisa yako kwenye ibada, na pango la Kuzaliwa huwa halizuriwi. Bethlehemu isiwekwe Jumapili asubuhi ila kama mnakwenda kusali na wenyeji.

Hatua ya 6: Pima kundi lenu

Andika umri, magonjwa na mwendo wa kila mmoja. Mwenye shinikizo la damu au moyo asipelekwe bondeni Juni hadi Septemba. Mwenye magoti mabovu aepuke Januari kwa sababu ya mawe yenye maji. Wanaotaka kurudia ahadi za ubatizo Yordani kwa kuingia mtoni waende Aprili, Mei, Oktoba au Novemba. Baada ya mvua kubwa maji ya Qasr al-Yahud huwa tope, na Januari ni baridi mno kwa mzee. Majira hayo nyunyizeni tu, au nendeni Yardenit, pale mto unapotoka ziwani, ambako maji huwa masafi zaidi. Mchungaji au padre anayewaongoza naye ana kalenda yake. Wengi hupanga kila kitu ndipo wakumbuke kwamba Juma Kuu parokia haiwezi kumwachia.

Hatua ya 7: Hesabu kurudi nyuma

Juma Kuu na Noeli: weka vyumba miezi 10 hadi 12 kabla. Masika ya kawaida na Oktoba–Novemba: miezi 6 hadi 8. Januari, Februari na Desemba mwanzoni: miezi 3 au 4 inatosha. Nafasi ya misa katika makanisa ya Wafransisko huombwa kwenye ofisi yao ya mahujaji, Yerusalemu. Ombeni mara tu tarehe za ndege zinapothibitika, mkitaja saa mbadala. Juma Kuu nafasi za makundi kaburini ni chache mno. Wanaohitaji viza waanze miezi mitatu kabla, na pasipoti iwe na uhai wa miezi sita mbele.

Tangu vita vya Gaza vilipoanza Oktoba 2023, usalama umeweza kubadili kila kitu katika siku chache. Lipeni kwa masharti ya kurudishiwa au kusogeza tarehe, na kwenye mkataba iandikwe ni nani anabeba hasara ndege ikifutwa. Hapa ndipo bei inapoingia. Majuma yaliyobaki baada ya mistari yote kupigwa yalinganishwe sasa, na lililo nafuu kati ya hayo ndilo lichukuliwe.

Wiki moja kabla ya kuondoka, tazama utabiri wa miji mitatu: Yerusalemu, Tiberia na Yeriko. Andaa badala ya kila siku ya bondeni. Barabara ya Bahari ya Chumvi ikifungwa kwa mafuriko, siku hiyo ijazwe na Ein Karem, kijiji cha Yohana Mbatizaji, na Mlima Sayuni. Joto la hamsini likipanda, Bahari ya Chumvi ibadilishane na siku ya Nazareti na Tabori. Mpe dereva na mwongoza wageni mwenyeji orodha hiyo mkiwa bado uwanja wa ndege, ili asubuhi ya mvua isianze kwa majadiliano ndani ya basi.